VITAMINI SI PEREMENDE

Kila mwisho wa mwezi, mshahara unapotoka, wachuuzi wa vidonge vya vitamini huonekana kwa wingi kwenye stendi za mabasi, nje ya milango ya viwanda, na hata ndani ya maofisi. Chupa zao ni nzuri na maneno yao ni matamu: dawa hii yaongeza nguvu, yasafisha damu, yaondoa uchovu, yazuia kila ugonjwa. Mfanyakazi aliyesimama mbele ya mashine tangu alfajiri, mwenye mgongo unaouma na macho mazito, huyasikia maneno hayo akatia mkono mfukoni. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi hatusemi ya kuwa kila vitamini inayotembezwa ni mbaya. Tunalosema ni hili: chupa hiyo isinunuliwe kabla mnunuzi hajajiuliza kama anaihitaji, na kama itamletea nafuu au madhara.

Watu wengi hudhani ya kuwa vitamini haiwezi kumdhuru mtu. Hudhani ya kuwa, maadam vitamini imo katika embe na mchicha, basi ikiwa kidogo chafaa, kingi kitafaa zaidi. Fikira hiyo si sahihi. Wala ushahidi wa kuikanusha haukutoka ng'ambo peke yake. Sehemu yake kubwa imepatikana hapa hapa kwetu, Pemba na Dar es Salaam. Leo twapenda kuueleza ushahidi huo, kwa sababu twaona ya kuwa mwananchi akiujua hatadanganyika kwa urahisi, wala hataikataa vitamini pale anapoihitaji kweli.

Kwanza tujue vitamini ni nini. Ni vitu vidogo vidogo vilivyomo katika chakula, ambavyo mwili wavihitaji ili ufanye kazi zake, lakini hauwezi kujitengenezea wenyewe kwa kiasi cha kutosha. Kwa hesabu ya wataalamu vitamini ziko 13. Kiasi kinachohitajiwa ni kidogo mno. Kwa mfano, mtu mzima ahitaji mikrogramu 400 tu za foleti kwa siku, yaani chini ya nusu ya miligramu moja. Vitamini haimpi mtu nguvu kama ugali au maharage yampavyo. Kazi yake yafanana na ile ya mafuta ya kulainisha mashine. Mashine isiyotiwa mafuta husaga vyuma vyake na kukwama. Lakini fundi akimwaga debe zima la mafuta juu ya mashine iliyokwisha kulainishwa, haitakwenda mbio zaidi, huenda ikaharibika.

Historia yenyewe ya vitamini yatufundisha jambo hilo. Mwaka 1747, daktari wa meli James Lind aliwachukua mabaharia 12 wa meli ya Kiingereza Salisbury waliokuwa wakiugua kiseyeye, akawagawa wawili wawili na kuwapa tiba mbalimbali. Wale wawili waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kuliko wenzao wote. Walipona kwa sababu miili yao ilikuwa imepungukiwa na kitu kilichomo ndani ya matunda hayo, ambacho leo twakiita vitamini C. Baharia mwenye afya njema, aliyekula matunda jana na juzi, asingeongezewa nguvu yoyote kwa machungwa yale. Vitamini huponya upungufu. Pasipokuwa na upungufu, hapana cha kuponya.

Yafaa pia tujue ya kuwa vitamini ni za namna mbili. Ziko zile ziyeyukazo katika maji, nazo ni zile za kundi la B pamoja na C. Zikizidi, sehemu kubwa hutoka kwa njia ya mkojo. Hata hivyo hazikosi hatari. Vitamini C ikipita miligramu 2,000 kwa siku aghalabu huvuruga tumbo na kuharisha. Vitamini B6 ikinywewa kwa wingi mno kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, mtu akafa ganzi miguu na mikono. Madaktari wa Marekani walitangaza habari za wagonjwa wa namna hiyo mwaka 1983. Namna ya pili ni zile ziyeyukazo katika mafuta, yaani A, D, E na K. Hizi mwili huziweka akiba katika ini na katika mafuta yake, na akiba hiyo huongezeka siku hadi siku. Vitamini A ikizidi hudhuru ini na mifupa, na kwa mama mjamzito yaweza kuharibu umbo la mtoto aliye tumboni. Vitamini D ikizidi hupandisha chokaa katika damu na kuziumiza figo. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

Sasa tuje Pemba. Mwanzoni mwa karne hii Pemba ilikuwa mahali penye malaria kali, na watoto wengi walikuwa na upungufu wa damu. Wataalamu walitaka kujua kama kuwapa watoto wote wadogo madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, ambayo ni moja katika vitamini za kundi la B, kungepunguza maradhi na vifo. Nia ilikuwa njema, na watu wengi waliamini ya kuwa jibu litakuwa ndiyo. Watoto zaidi ya 24,000, wenye umri wa mwezi 1 hadi miezi 35, waliingizwa katika uchunguzi huo. Baadhi yao walipewa vidonge vyenye madini na vitamini hiyo, na wengine vidonge visivyo na dawa yoyote ndani yake, ili wapate kulinganishwa.

Tarehe 20 Agosti, 2003, utoaji wa vidonge vya chuma na asidi ya foliki ulisimamishwa kabla ya muda wake. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2006 yalionyesha ya kuwa watoto waliopewa vidonge hivyo walikuwa katika hatari ya kufa au kulazwa hospitali kwa ugonjwa mkali iliyozidi ile ya wenzao kwa asilimia 12. Vidonge vilivyokusudiwa kuwajenga viliwaumiza baadhi yao. Katika nchi yenye malaria, chuma kingi kinachoingia katika damu ya mtoto asiyekihitaji chaweza kumfaa mdudu wa ugonjwa kuliko kumfaa mtoto.

Lakini habari ya Pemba haikuishia hapo, na nusu yake ya pili ndiyo yenye mafunzo makubwa. Kulikuwa na kundi dogo la watoto waliopimwa damu na kuangaliwa kwa karibu. Katika kundi hilo, wale waliothibitika kuwa na upungufu wa chuma na wa damu walinufaika kwa vidonge vile vile; walipatwa na magonjwa makali machache kuliko wenzao wasiopewa. Kidonge kilikuwa kimoja na kisiwa kilikuwa kimoja. Tofauti ilikuwa katika kupima. Aliyepungukiwa alisaidiwa, na aliyepewa bila kuulizwa kama amepungukiwa aliwekwa hatarini. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani limeshauri ya kuwa mahali penye malaria, watoto wapewe chuma pale tu panapokuwa na mipango ya kuikinga na kuitibu malaria hiyo.

Kutoka Pemba twende Dar es Salaam. Mwaka 1995 wataalamu wa Muhimbili, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani, walianza uchunguzi juu ya akina mama wajawazito 1,078 wenye Virusi vya Ukimwi. Wakati ule dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijawafikia wananchi. Baadhi ya akina mama walipewa vidonge vyenye vitamini B, C na E kwa pamoja, wengine walipewa vitamini A, wengine zote, na wengine vidonge vitupu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2004 yalionyesha ya kuwa kati ya akina mama 267 waliopewa vidonge vitupu, 83 walifikia hatua ya mwisho ya ugonjwa au walifariki. Kati ya 271 waliopewa vitamini B, C na E, idadi hiyo ilikuwa 67. Hapa twaona dhahiri ya kuwa vitamini yaweza kusaidia, na mtu asituambie ya kuwa ni upuuzi mtupu.

Ila katika uchunguzi huo huo, vitamini A haikuleta manufaa yale. Kinyume chake, iliongeza hatari ya mama kumwambukiza mtoto wake. Hakuna aliyelitarajia jambo hilo, na lisingejulikana kama watu wangetosheka na kusema ya kuwa vitamini zote ni nzuri.

Baadaye, dawa za kufubaza virusi zilipopatikana, wataalamu waliuliza swali jingine: je, mgonjwa anayetumia dawa hizo akipewa vitamini kwa kiasi kikubwa, atapata nafuu zaidi kuliko yule apewaye kiasi cha kawaida? Kati ya mwaka 2006 na 2008 wagonjwa 3,418 wa Dar es Salaam waliingizwa katika uchunguzi huo. Ulisimamishwa mwezi Machi, 2009. Kiasi kikubwa hakikupunguza vifo wala kuzuia ugonjwa kusonga mbele, bali katika damu ya waliokitumia zilionekana zaidi dalili za ini kulemewa.

Mtu aweza kusema ya kuwa hayo ni mambo ya wagonjwa na watoto, wala si ya mwanamume mzima mwenye nguvu zake. Basi na atazame Finland, ambako wanaume 29,133 wavutao sigara, wenye umri wa miaka 50 hadi 69, walichunguzwa kwa miaka kadhaa. Baadhi yao walipewa kila siku miligramu 20 za beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ilitumainiwa ya kuwa ingewakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994: waliomeza beta-karotini walipata saratani hiyo zaidi ya wenzao kwa asilimia 18. Mvutaji sigara asidhani, basi, ya kuwa chupa ya vitamini itamfidia kwa pakiti yake ya sigara. Dawa ya sigara ni kuiacha.

Hapana shaka sasa msomaji atauliza: ni nani basi anayestahili kumeza vidonge hivi? Wapo, na ni wengi. Mama mjamzito apewaye kliniki vidonge vya kuongeza damu, vyenye chuma na asidi ya foliki, avimeze bila kuacha hata siku moja, kwa sababu damu yake yagawanywa kwa watu wawili. Mwanamke anayetazamia kushika mimba yamfaa kuanza mikrogramu 400 za asidi ya foliki mapema. Uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka 1991 ulithibitisha ya kuwa vitamini hiyo, ikitumiwa kabla ya mimba na katika majuma yake ya kwanza, huzuia sehemu kubwa ya ulemavu wa uti wa mgongo wa mtoto. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 apelekwe kupata matone ya vitamini A, ambayo hutolewa mara mbili kwa mwaka kwa kipimo maalumu. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia isoniazid aghalabu hupewa vitamini B6, kwa sababu dawa hiyo huipunguza mwilini. Mgonjwa wa kisukari aliyetumia metformin kwa miaka mingi, na mzee ambaye tumbo lake halinyonyi chakula vizuri, yafaa waombe kupimwa vitamini B12. Watu hawa wote wana jambo moja linalowaunganisha: upungufu wao wajulikana, na kipimo chao kimewekwa na mjuzi.

Mwananchi ambaye hayumo katika makundi hayo, na ambaye ameshika chupa mkononi akisitasita, twamshauri ajiulize maswali matano.

La kwanza: nimepungukiwa na nini? Uchovu si jina la vitamini. Uchovu waweza kuletwa na malaria, minyoo, kichocho, kisukari, kifua kikuu, upungufu wa damu, au kukosa usingizi. Mtu akimeza vidonge miezi mitatu huku kifua kikuu chamla mapafu, chupa hiyo imemwibia miezi mitatu ya matibabu, na huenda imewaambukiza watoto wake na wenzake kazini. Kupima kutangulie kumeza.

La pili: ndani ya kidonge hiki mna kiasi gani? Msomaji atazame ubavuni mwa chupa. Kama hapakuandikwa vitu vilivyomo na vipimo vyake, airudishe. Kama pameandikwa, atofautishe miligramu na mikrogramu, kwa maana miligramu 1 ni mikrogramu 1,000. Mahali pengine ataona herufi IU, yaani kizio cha kimataifa. Kwa vitamini A ya namna ya retinoli, vizio 10,000 ni sawa na mikrogramu 3,000, na hapo ndipo ulipo mpaka wa mtu mzima kwa siku moja. Kwa vitamini D mpaka uliokubaliwa na wataalamu wengi ni vizio 4,000, ambavyo ni mikrogramu 100. Kuvuka mipaka hiyo ni kazi ya daktari, si ya mchuuzi.

La tatu: ni kitu gani kingine ninachokipata tayari? Mtu huweza kumeza kidonge cha vitamini nyingi asubuhi, unga wa kuongeza nguvu mchana, na mafuta ya ini la samaki usiku, vyote vitatu vikiwa na vitamini A. Kila kimoja peke yake ni salama; vikijumlishwa vyavuka mpaka. Tena, tangu mwaka 2011 Tanzania imekuwa na kanuni za kuongeza virutubishi katika unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula yanayotengenezwa viwandani. Kwa hiyo mwenye kula mkate wa unga huo hupata asidi ya foliki bila ya chupa yoyote.

La nne: natumia dawa gani? Hapa wengi hujidhuru bila kujua. Asidi ya foliki kwa kiasi cha miligramu 5 kwa siku hupunguza nguvu ya dawa ya SP ambayo mama mjamzito hupewa kujikinga na malaria. Ndiyo sababu kliniki humpa kipimo kidogo. Chuma na chokaa huizuia dolutegravir, dawa itumiwayo na watu wengi wenye Virusi vya Ukimwi, isinyonywe vizuri. Yapasa dawa hiyo imezwe saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yake, au vyote pamoja na chakula, kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Vitamini K hupingana na warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Basi mgonjwa amwonyeshe mganga kila chupa aliyo nayo nyumbani, hata zile anazoona aibu kuzitaja. Mficha maradhi kifo humuumbua.

La tano: ni nani aniambiaye? Kama asemaye ndiye auzaye, maneno yake yapimwe mara mbili. Hata katika nchi zilizoendelea vidonge hivi havichungwi kama dawa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 haimlazimishi mtengenezaji kuthibitisha mbele ya serikali ya kuwa bidhaa yake yafaa kabla ya kuiuza. Chupa kutoka ng'ambo si hati ya ukweli. Na yeyote amwambiaye mgonjwa aache dawa za kufubaza virusi, za kisukari au za shinikizo la damu ili ameze vitamini, huyo ni adui wa mgonjwa, asisikilizwe.

Twaongeza neno moja kwa wazazi. Vidonge vya chuma aghalabu hupakwa rangi na sukari, navyo humvutia mtoto kama peremende. Mtoto mdogo akimeza konzi ya vidonge hivyo aweza kufa. Viwekwe juu, mahali pa kufungwa, na mtoto aliyevimeza akimbizwe hospitali hata kama aonekana mzima.

Baada ya hayo yote, twarudi kwenye mshahara wa mfanyakazi, ambao si mkubwa na wenye madai mengi. Fedha inayonunua chupa moja ya rangi za kupendeza yaweza kununua mafungu mengi ya mchicha, matembele na kisamvu, mapera na machungwa yenye vitamini C tele, dagaa, mayai, karanga, na viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani. Mawese mekundu ya Kigoma yana karotini nyingi kuliko mafuta mengi tuyajuayo. Unga wa dona huhifadhi vitamini za kundi la B ambazo sembe nyeupe imeziacha kinuni. Karotini ya mboga na matunda ina fadhila nyingine: mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa kadiri ya haja yake, ikawa mla mchicha hawezi kujilisha sumu. Chakula hiki hulishwa familia nzima, ilhali chupa humezwa na mtu mmoja.

Hatuwaiti wananchi kuichukia vitamini. Twawaita waiheshimu kama dawa nyingine zote: itolewe kwa sababu, kwa kipimo, na kwa mtu anayeihitaji. Watoto wa Pemba na akina mama wa Dar es Salaam walikubali kuchunguzwa ili ukweli huu ujulikane, na baadhi yao waliulipia kwa gharama kubwa. Itakuwa aibu kwetu tukiununua tena kwa fedha zetu na afya zetu, ilhali umekwisha kulipiwa. Mwenye kuona dalili aende zahanati akapimwe. Aliyeandikiwa vidonge avimalize. Na asiyeandikiwa apite sokoni akajaze kikapu chake.